Je, wajua kwa nini transfoma hujazwa mafuta?

Transfoma ya mtaani hupokea umeme wa volti 11,000 au 33,000 na kuushusha hadi kiwango cha kutumika majumbani. Ndani ya tangi lake kuna koili za waya zilizofungwa karatasi na kubanana. Pangekuwa na hewa tupu, cheche zingeruka kutoka koili moja hadi nyingine, kwa kuwa hewa hushindwa kwenye volti kama 3,000 kwa kila milimita. Mafuta safi, makavu, huvumilia mara kadhaa zaidi. Tena yakishailowesha ile karatasi, nayo huzuia umeme vizuri kuliko ilivyokuwa kavu.

Kazi ya pili ni kuondoa joto. Mafuta yanayogusa koili hupata moto, huwa mepesi na kupanda juu. Yakipita kwenye zile mbavu za pembeni hupoa kwa upepo, yakashuka tena chini. Mzunguko huo huenda usiku na mchana, na kwenye transfoma za mtaani hauhitaji pampu.

Mbona basi yasitumike maji, ambayo hupooza vizuri zaidi? Kwa sababu maji ndiyo adui mkubwa humo ndani. Unyevu kidogo tu, makumi machache ya sehemu kwa milioni, huyapunguzia mafuta nguvu ya kuzuia umeme. Ndiyo maana transfoma nyingi kubwa huvuta hewa kupitia kichupa chenye punje za silika. Zikiwa kavu huwa za buluu. Zikishiba unyevu hugeuka waridi, na fundi akiziona hivyo huzibadilisha.

Mafuta hayo pia hutoa habari za ndani. Sampuli ikikutwa na gesi ya asetilini, mafundi hujua kuna cheche zinazopiga humo, na hilo hugundulika bila kufungua tangi.

Kinachosikitisha ni kwamba Kenya na Tanzania wezi wamekuwa wakiyafyonza na kuyauza, mengine yakaishia kwenye karai za chipsi. Hayo ni mafuta yaliyosafishwa kutoka mafuta ghafi ya ardhini, si ya kula. Mengine ya zamani yana kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo moto wa jikoni hauziondoi na hujikusanya kwenye mafuta ya mwili; Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 ulizipiga marufuku. Na huko nguzoni, koili zilizoachwa bila mafuta huchemka, karatasi huungua, na transfoma huteketea. Wodi ya wazazi iliyo kwenye laini hiyo hukosa umeme pamoja na mtaa mzima.