Usiuze msitu kabla mgongo haujapimwa

"Daktari, tutajie bei tu, tukauze msitu." Kwa watu wa Mufindi na Njombe ni msitu, kwa watu wa Rungwe ni shamba la parachichi, kwa watu wa Usangu ni ng'ombe. Wanaoitamka ni shemeji, mjomba au kaka mkubwa. Mgonjwa mwenyewe hayupo, kaachwa nyumbani amelala chali, na wao wamekuja na eksirei ya mwaka juzi iliyokunjwa katikati (eksirei haikunjwi, jamani). Nikisema mleteni mtu wenu nimpime, wananitazama kama dalali anayeficha bei.

Dhana yenyewe ni kwamba matibabu ya kibingwa ya mgongo yana bei moja kubwa, yanalipwa taslimu tena mapema, na asiye na hela hizo asijisumbue kufika hospitali. Katika dhana zote nitakazozitaja, hii ndiyo inayoharibu watu.

Hakuna bei ya mgongo. Kuna bei ya tatizo, na tatizo halijulikani mpaka mtu ashikwe mgongo, agongwe goti kwa nyundo, atembee kwa visigino, aulizwe kama haja ndogo inatoka vizuri. Wengi wanaolalamika kiuno hawatafika chumba cha upasuaji maisha yao yote. Hata maumivu yanayoshuka mguuni kwa sababu diski imegusa mshipa wa fahamu, mara nyingi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa dawa za kawaida, kutembea na mazoezi ya fiziotherapia. Nimeona misindano ya miaka 6 imeuzwa kwa bei ya mirunda, miti ambayo ingesubiri ingekuwa mbao, kwa ajili ya mgongo uliohitaji mazoezi. Mnunuzi anajua una mgonjwa, na anakupangia bei kwa kujua hivyo.

Halafu kuna TB ya mgongo. Hapa uvumilivu wangu huisha. Maumivu yanaanza taratibu, yanakaa mahali pamoja, usiku hayapoi. Mtu anapungua uzito na kutoka jasho usiku, baada ya miezi kinundu kinachomoza katikati ya mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, kwa hiyo si jambo geni. Familia inafanya nini? Inaita kikao, inafungua kundi la WhatsApp la michango, inaandika "India" juu kabisa. Miezi inapita, mtu anakandwa mafuta na kukandamizwa mfupa uliokwisha kulika, na siku anapoletwa miguu haina nguvu. Dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na wengi hutibiwa kwa vidonge hivyohivyo, kwa muda unaoweza kukaribia mwaka mzima, bila kisu. Wanaohitaji kupasuliwa wapo, hasa pale uti wa mgongo unapobanwa au pingili zinapoporomoka, ila hao nao huanza na vidonge. Mchango mlioukusanya miezi minne ndio uliowapa wadudu muda wa kula mfupa.

Wafugaji wa bondeni Usangu niwaongezee jambo moja: homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno, kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi au anayezalisha ng'ombe waliotupa mimba, ipimwe brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Nayo inatibiwa kwa dawa.

Kuna dalili zisizongoja kikao cha ukoo wala mnunuzi wa msitu. Ganzi sehemu unazokalia, mkojo kukwama au kutoka bila taarifa, miguu kulegea ghafla: ondoka siku hiyohiyo kwenda hospitali iliyo karibu, habari ya hela ifuate nyuma. Na aliyeanguka juu ya mti au kwenye bodaboda akashindwa kusogeza miguu, msimkalishe kwenye basi la usiku kwenda Dar es Salaam. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kona za Kitonga hazimhurumii mtu aliyevunjika pingili. Mlazeni juu ya ubao, kichwa, mabega na nyonga vigeuzwe kwa pamoja, apelekwe hospitali ya karibu. Kutoka hapo atasafirishwa kwa rufaa.

Rufaa ndiyo neno ambalo ndugu wenye msitu hawataki kulisikia, kwa sababu wanadhani ni urasimu wa kuwachelewesha wanyonge. Kumbe ndiyo inayofungua mifuko ya watu wengine. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na juu yake Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na inayopasua migongo mwaka mzima. Mwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, akiruka ngazi bila barua na bila dharura, dirishani ataambiwa alipe mwenyewe, kisha atarudi kijijini kusema bima ni utapeli. Baadhi ya vipimo vikubwa na vifaa, vikiwemo vile vyuma vya kufungia pingili, huhitaji kibali cha mfuko kabla. Kibali kinaombwa na hospitali, si na wewe, ila wewe ndiye wa kuuliza: "Kibali kimetoka?" Uliza kabla hujafunga kula kwa ajili ya upasuaji.

CHF iliyoboreshwa, Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliundwa kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Watu waliipeleka kanda wakashangaa. Haikuwa kadi mbaya. Ilikuwa na mwisho wake, na mwisho huo ulijulikana tangu siku ya kwanza.

Aliyeumia kazini ana mlango wake. Mchuma chai wa Mufindi, mpasua mbao wa Mafinga, utingo wa lori: kama umeajiriwa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unakuhusu. Sheria yake ni ya mwaka 2008, mfuko wenyewe ulianza kazi 2015, na mchango hutolewa na mwajiri peke yake, hukatwi hata senti kwenye mshahara. Mwajiri akikupa elfu hamsini ya soda na kukuomba yaishe kirafiki, elewa ni kwa nini anaharakisha. Toa taarifa ya ajali kwa maandishi, mapema, na ubaki na nakala.

Aliyegongwa barabarani naye ana mlango. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa kila chombo cha moto, na kazi yake ni kumlipa yule aliyeumizwa. Bila PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumia, na taarifa ya polisi hakuna wa kumdai. Watu wanamalizana na dereva palepale Mbalizi, wanapewa laki mbili, wiki ya tatu wananiuliza nani atalipia pingili.

Asiye na chochote aende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini, mapema, akiwa na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Sera ya Afya ya 2007 inawataja wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha ni wa utaratibu, ukiuomba siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, huku bili imeshafungwa, unampa afisa yule kazi ngumu bure.

"Nitakata bima nikianza kuumwa." Bima ya hiari ina kipindi cha kungoja kabla ya huduma kubwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kuna wanaodhani kwa kuwa sheria ipo basi wao wameshaingia. Kadi iko wapi?

"Mstaafu wa jeshi analipiwa kila kitu, raia hospitali ya jeshi haingii." Ni dhana mbili, na zote zinakosea. Raia wanatibiwa Lugalo na katika hospitali nyingine za jeshi, kwa kulipa au kwa bima kama kwingine. Mstaafu naye hasikilizwi kwa sababu ya ukakamavu wake getini, anasikilizwa kwa karatasi: kitambulisho, namba ya utumishi, barua ya kustaafu. Wazee waliopigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, bado tunawaona kliniki, na baadhi yao walikuwa mgambo waliorudi shambani bila karatasi ya kuonyesha. Nawaambia: shikamoo mzee, ukiwa na barua ya kamandi nenda na barua ya kamandi, usipokuwa nayo na huna uwezo, pita mlango wa msamaha wa wazee, una haki hiyo kwa umri wako. Mtumishi wa umma aliyestaafu akiwa mwanachama wa NHIF huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake. Watoto hawamo, hata yule wa mwisho anayesoma chuo.

Wapo wanaonionyesha kwenye simu kliniki za Marekani ambako askari wa zamani anatibiwa mgongo hospitali binafsi na serikali inalipa. Ni kweli, sheria yao ya mwaka 2018 inaruhusu hivyo, kwa mfano pale ambapo kumwona bingwa katika hospitali za idara yao ya askari wa zamani kungechukua zaidi ya siku 28. Ila video haisemi kwamba idara ile hutoa idhini kwanza. Askari anayejiendea tu anaweza kubaki na bili yake. Hata huko Marekani kuna rufaa.

"Nipige MRI tu, itasema yote." MRI inaonyesha umbo, haionyeshi maumivu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015, ya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa, yalikuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo ukiandikiwa "pingili zimesagika" ukiwa na miaka 55, umeandikiwa umri wako. Kipimo hiki kina thamani pale daktari anapojua anatafuta nini, na anapokuwa tayari kufanya jambo kulingana na jibu. Kukilipia mfukoni kabla hujashikwa mgongo na mtu ni kununua picha.

"Ukipasuliwa mgongo unapooza." Hatari ipo, daktari asiyekutajia mkimbie. Lakini wengi mnaowatolea mfano kijijini walifika wakiwa miguu imeshalegea, na upasuaji ukabebeshwa lawama za ucheleweshaji.

"Nitibiwe kwa leza, leza haikati." Leza ni kifaa kimoja tu kati ya vingi, na haijathibitika kuwashinda wanaotumia darubini na tundu dogo.

"India ndiko kwenye wataalamu." Wataalamu wapo India, na wapo MOI. Rufaa ya serikali kwenda nje hutolewa na jopo la madaktari baada ya hapa nyumbani kushindikana, haitolewi kwa barua ya mheshimiwa.

"Kiuno ni figo." Mara chache. Pima mkojo, ukiwa safi acha kununua dawa za UTI kila mwezi. Na sindano za diklofenaki za kila wiki dukani, hizo ndizo zitakazokuletea ugonjwa wa figo uliokuwa unauogopa.

"Nilale mpaka upone." Siku moja, mbili, basi. Zaidi ya hapo misuli inalegea na kiuno kinazidi. Mimi kila mtu namwandikia kutembea, asubuhi na jioni, hata kama ni kuzunguka nyumba, na wanaonicheka kwa kuwaandikia mguu badala ya kidonge hurudi kusema wamepata nafuu. Mkanda wa mgongo ulionunua Mwanjelwa uvae siku za kubeba viazi, wiki mbili tatu, kisha uvue.