Kabla ya Kuhukumu Giaboksi, Uliza Gari Limebadilishwa Nini

Giaboksi ya otomatiki (inayojibadilishia gia) ikianza kuteleza au kugonga, ushauri wa kwanza ambao mwenye gari hupewa gereji ni kununua giaboksi ya mtumba. Kwa gari lililovishwa tairi kubwa, springi ndefu, bulbaa, winchi na keria, ushauri huo ni wa pupa. Wanafunzi wetu wa ufundi wa magari tunawafundisha kuanza na maswali: kimebadilishwa nini, lini, na tatizo lilianza kabla au baada ya hapo? Mara nyingi jibu huonyesha pa kuanzia.

Chukua Prado yenye tairi za 265/65R17 ikavishwa 285/75R16. Kipenyo kimetoka milimita 776 hadi karibu 834, yaani zaidi ya asilimia 7. Spidomita ikisoma 100, gari liko kwenye 107 hivi. Injini sasa inasukuma gurudumu zito na refu zaidi kwa gia zilezile, ndiyo maana ukipanda Mazeras na mzigo otomatiki huingia ya nne, ikarudi ya tatu, ikaingia tena ya nne. Kila mara torki konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inapoachia klachi yake, oili huchemka zaidi. Hapo giaboksi inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachohitajika ni gia za difu (zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinazolingana na tairi, kipoza oili cha nyongeza, na dereva anayeshikilia gia ya chini mlimani badala ya kuiacha D ihangaike.

Springi nazo zina lawama zake. Gari likipandishwa inchi 2 au 3, propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, hukaa kwa mteremko mkali na krosi, yaani viungo vyake, huanza kutetema. Mtetemo huo hufanana sana na ule wa torki konvata, na wengi wameshusha giaboksi kwa sababu yake. Kuna njia ya kuvitofautisha. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako, nenda kilomita 70 hadi 80 kwa saa ukikanyaga mafuta kidogo. Mtetemo ukianza, gusa breki kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kuachia mafuta. Kompyuta ikipata ishara ya breki hufungua klachi iliyo ndani ya torki konvata. Mtetemo ukikatika papo hapo na mshale wa mizunguko ya injini ukapanda kidogo, mshukiwa ni klachi hiyo au oili iliyochoka. Ukiendelea vilevile, lala chini ya gari ukague krosi, kisha ukapime balansi ya tairi.

Oili ndiyo shahidi mkuu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za klachi zimeshaanza kuliwa. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, imeingia maji, na hapo gari lisiendeshwe tena, kwa sababu maji hubandua vitambaa vya msuguano kutoka kwenye sahani. Maji hayo hupita njia mbili. Ya kwanza ni bomba la kupumulia la giaboksi, gari linapovuka maji mengi. Snokeli, bomba refu la kuvutia hewa juu ya maji, huikinga injini. Giaboksi haikingi hata kidogo. Ya pili ni rejeta, ambayo katika magari mengi hubeba kipoza oili ndani yake. Hapa Mombasa visima vingi vina maji ya chumvi, na anayejaza rejeta kwa maji hayo badala ya kulanti (kipozaji maalumu cha injini) anakula chuma cha kipoza hicho polepole, mpaka siku maji na oili zikutane.

Kipimo cha oili pia kina utaratibu wake. Toyota nyingi zisizo na dipstiki (kijiti cha kupimia oili) hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hadi 45 hivi. Fundi akifungua nati ya kipimo gari likiwa limetoka safari, oili iliyotanuka itamwagika na giaboksi itabaki na upungufu.

Sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi, ikishushwa, tope laini la kijivu kwenye sumaku si la kuogofya. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine.

Usisome kodi ya kompyuta, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa kwenye gari, ukaishia hapo. P0700 husema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imehifadhi kosa jingine. Dai hilo jingine lisomwe. P0218 ni joto kupita kiasi, P0741 ni klachi ya torki konvata kutoshika. Kodi zikiwa nyingi kwa pamoja, anza na batri na athi (waya unaounganisha batri na bodi ya gari): taa za ziada na winchi zilizofungwa ovyo hushusha umeme wa solenoidi, yaani vali za umeme zinazobadilisha gia.

Pima pia muda wa gia kushika. Kwa Toyota nyingi, kutoka N (huru) hadi D (mbele) ni chini ya sekunde 1.2, na N hadi R (nyuma) chini ya 1.5. Ikichelewa, presha ya oili iko chini au klachi zimekwisha.

Gari likikukatalia Mariakani usiku, liitie lori la kubeba. Ukilikokota magurudumu yakizunguka, pampu ya giaboksi haifanyi kazi kwa sababu injini imezimwa, na vyuma vya ndani huzunguka bila oili mpaka Mombasa.