Mwezi kabla ya Apollo: dhana potofu na ukweli kuhusu vyombo vya kwanza vilivyoupiga picha

Wengi wakiulizwa ni lini binadamu alianza kuuona uso wa Mwezi kwa karibu, hutaja Julai 1969, Neil Armstrong aliposhuka kutoka katika chombo cha Apollo 11. Jibu hilo linairuka miaka 10 mizima ya kazi. Kufikia siku hiyo, vyombo visivyo na watu vilikuwa vimekwisha kuugonga Mwezi, kuuzunguka, kutua juu yake, kuuchimba udongo na kupiga picha za karibu uso wake wote, na waliopanga mahali pa kutua Apollo walipachagua kwa kuzichunguza picha hizo. Kwa kuwa miaka hiyo imesahaulika, imekuwa rahisi dhana potofu kuhusu Mwezi kuota mizizi.

Iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba Mwezi una upande usiopata jua kamwe. Ukweli ni kwamba Mwezi hujizungusha mara moja kwa muda uleule unaoutumia kuizunguka Dunia, na ndiyo maana sisi huuona uso mmoja tu. Jua, hata hivyo, huchomoza na kutua pande zote mbili, na mchana wa kila upande hudumu takriban wiki 2. Chombo cha Luna 3, kilichorushwa na Umoja wa Kisovieti tarehe 4 Oktoba 1959, kiliupiga picha upande wa nyuma tarehe 7, siku chache tu baada ya mwezi kuandama. Anayefuatilia mwandamo ataelewa mara moja kwa nini wakati huo ulifaa: uso unaotutazama ulikuwa gizani kwa sehemu kubwa, na ule wa nyuma ulikuwa umeangaziwa na jua. Kamera ilipiga picha 29 na kuonyesha takriban asilimia 70 ya upande huo, ambao ulionekana kuwa na machache mno ya yale mabaka meusi tunayoyaona kutoka huku. Picha zilikuwa na ukungu, na ukungu huo uliwaponza wataalamu wenyewe, kwani waliona mstari mweupe mrefu wakaupa jina la Milima ya Kisovieti, na baadaye ikabainika kwamba hapakuwa na mlima wowote ila vifusi vyeupe vilivyorushwa kutoka kwenye kreta, yaani shimo lililoachwa na kimondo kilipougonga Mwezi.

Picha hizo zilifikaje Duniani? Wapo wanaodhani filamu ilirudishwa, na wapo, hasa vijana waliokulia kwenye simu, wanaodhani kamera zilikuwa za kidijitali. Haikuwa hivi wala vile. Luna 3 ilibeba filamu ya kawaida ya milimita 35, ikaisafisha, ikaigandisha picha kwa dawa na kuikausha humo humo ndani ya chombo bila mkono wa mtu, kisha nukta ya mwanga ikapita juu ya kila picha mstari kwa mstari, na ung'avu wake ukageuzwa kuwa mawimbi ya redio, kama ifanyavyo mashine ya faksi. Wamarekani walifuata njia hiyohiyo kwa ustadi zaidi katika vyombo vyao 5 vya Lunar Orbiter vya mwaka 1966 na 1967. Filamu ya milimita 70 iligandamizwa kwenye utepe uliolowekwa dawa, kwa hiyo hapakuhitajika beseni la maji ya dawa ambalo lingemwagika ovyo mahali pasipo na uzito. Kwa kuwa chombo kilikuwa kikienda kwa kasi wakati wa kupiga picha, filamu nayo ilibidi isogezwe kidogo ili picha isivutike. Mtambo wa kazi hiyo uliposhindwa katika Lunar Orbiter 1, picha zake nyingi za karibu zilitoka zimevutika.

Kutokana na njia hiyo ikazaliwa dhana nyingine, kwamba mistari iliyonyooka inayokata picha za Lunar Orbiter ni ushahidi wa kughushi. Kila picha ilitumwa vipandevipande, na mafundi wakaviunganisha vipande hivyo Duniani. Mistari ni maungio yao. Anayetaka kughushi, nadhani, angeanza kwa kuiondoa.

Kuhusu vyombo vilivyovunjika, si kweli kwamba kila kilichogonga Mwezi kilikuwa kimeshindwa. Ranger za Marekani zilizobeba kamera za televisheni ziliundwa zipige picha hadi ziangamie, na Ranger 7 ilituma zaidi ya picha 4,300 kabla ya kugonga tarehe 31 Julai 1964. Iliyoshindwa ni Ranger 6, iliyogonga karibu kabisa na mahali palipokusudiwa mwezi Februari mwaka huohuo bila kutuma hata picha moja.

Mwisho ni hofu ya vumbi, ambayo haikuwa porojo za mtaani: mwanaastronomia Thomas Gold alionya kwamba huenda Mwezi umefunikwa na vumbi jingi kiasi cha kukimeza chombo. Luna 9 ilitua tarehe 3 Februari 1966 bila kuzama. Picha zake zilinaswa pia na darubini ya redio ya Jodrell Bank, Uingereza, na gazeti la Daily Express likazichapisha kabla ya Wasovieti wenyewe, ingawa uwiano wa urefu na upana wa picha hizo ulikuwa umepotoka. Miezi minne baadaye Surveyor 1 ya Marekani ikatua na kutuma picha zaidi ya 11,000. Surveyor 3, iliyofuata Aprili 1967, ilikuwa na mkono wa kuchimbia, na mitaro yake ilionyesha udongo unaoshikamana vya kutosha kubeba uzito. Wanaanga wa Apollo 12, Charles Conrad na Alan Bean, waliifikia kwa miguu Novemba 1969, wakaikata kamera yake na kurudi nayo Duniani.