Nondo wa michai wa Japani: maswali na majibu

Nondo huyu yukoje?

Mdogo tu, mabawa yakikunjuliwa hayafiki sentimita 4. Jike ni wa njano, dume mara nyingi ni kahawia, na ncha ya kila bawa la mbele ina vidoa viwili vyeusi. Wajapani humwita chadokuga. Yupo China na Korea pia. Viwavi wake hula majani ya mchai na ya kamelia, ua linalopandwa sana kwenye bustani za Japani, kwa hiyo huhitaji kwenda shambani ili ukutane nao.

Mbona nimewashwa na sikugusa kiwavi?

Sumu inayowasha iko kwenye vinyweleo vya kiwavi, na si vile virefu vinavyoonekana. Vyenye sumu vina urefu wa milimita 0.1 hivi, hung'oka kirahisi na hupeperushwa na upepo. Kiwavi akijifumia kifukofuko, vinyweleo hubaki humo. Jike akitoka akiwa nondo huvizoa kwa mkia, kisha huvifunikia mayai. Basi yai, kiwavi, kifukofuko na nondo, wote wanawasha, hata ngozi kavu aliyoivua kiwavi. Ndiyo maana kuwapulizia dawa wakafa na kuwaacha pale pale ni kazi nusu.

Nondo mwenyewe anauma?

Hapana. Akishakuwa na mabawa hata hali chakula.

Nijihadhari lini?

Viwavi hutokea mara mbili kwa mwaka: takriban Aprili hadi Juni, na tena Agosti hadi Septemba. Wachanga hujipanga safu chini ya jani. Usipogoe kamelia kabla ya kugeuza majani ukatazama.

Vipele vimeshatoka. Nifanyeje?

Usijikune wala usijifute kwa taulo. Utavisukuma vinyweleo ndani na kuvisambaza. Bandika selotepu juu ya ngozi, ibandue, rudia kwa kipande kipya, kisha jimwagie maji mengi na sabuni. Mwasho huweza kuanza saa kadhaa baadaye na vipele vikakaa wiki mbili au tatu. Mfamasia atakupa krimu ya steroidi na vidonge vya mzio. Vikiingia jichoni, suuza kwa maji na uende hospitali. Ukikosa pumzi, usisubiri.

Na nguo?

Zifue peke yake. Zitie kwanza kwenye maji ya moto, nyuzi 50 au zaidi, au zipige pasi, maana joto huiharibu sumu hiyo. Msimu wa viwavi ukifika, usizianike karibu na kamelia.