Eugenoli ya karafuu ndani ya ukuta wa mshipa

Swali ninaloulizwa kila msimu wa karafuu ni hili: "Daktari, kweli mafuta ya karafuu yanashusha presha?" Mimi si daktari wa wodini. Kazi yangu ni ya maabara, na wagonjwa wangu ni vipande vya mishipa ya panya. Kwa vipande hivyo jibu ni ndiyo, mshipa unalegea. Kwa mtu aliye hai mwenye presha, ngoja kwanza.

Kinachofanya kazi ni eugenoli, ileile inayoipa karafuu harufu yake na kutia ganzi jino linalouma. Ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yanayotolewa kwa mvuke kwenye makonyo kule Wawi, Pemba. Baadhi ya aina za kivumbasi nazo zinayo kwa wingi.

Tunachukua aota ya panya, yaani mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, tunaondoa shahamu iliyoizunguka, tunaikata pete za milimita tatu hivi. Kila pete inatundikwa kwa ndoano mbili za waya ndani ya maji ya chumvi yenye nyuzijoto 37, oksijeni ikibubujika chini yake. Ndoano ya juu imefungwa kwenye kipimo: pete ikijikaza mstari wa kwenye skrini unapanda, ikilegea unashuka. Tunaikaza kwa fenilefrini, dawa inayoiga kazi ya adrenalini kwenye mishipa, tunasubiri mstari utulie, kisha tunatia eugenoli kidogo kidogo. Mstari unashuka ngazi kwa ngazi. Mwisho tunaisuuza pete na kuikaza upya. Isipokaza, huenda tumeiua tu.

Kuna mtego hapa. Eugenoli haichanganyiki vizuri na maji, hivyo huyeyushwa kwanza kwenye spiriti, na spiriti yenyewe inaweza kulegeza mshipa. Lazima pawe na pete ya pili inayopewa spiriti tupu. Makala isiyo na pete hiyo sipotezi muda nayo.

Kwa nini inalegea? Misuli laini ya mshipa hujikaza kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Kalsiamu hushikana na protini iitwayo kalmodulini, hiyo huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye myosini, protini ya kuvuta iliyo ndani ya msuli, nayo huanza kuvuta. Kalsiamu yenyewe inatoka kwenye ghala la ndani ya seli, au inaingia kutoka nje kupitia milango inayofunguka umeme wa seli unapobadilika. Kuijaribu milango hiyo ni rahisi: mimina chumvi ya potasiamu kwa wingi, nayo inafunguka bila homoni yoyote. Pete iliyokazwa kwa potasiamu nayo inalegea ikipewa eugenoli. Watafiti waliopima mkondo wa kalsiamu kwenye seli za mishipa ya ubongo wa panya waliukuta umepungua. Milango hiyo ndiyo inayolengwa na amlodipini na nifedipini, dawa za presha ambazo wengi wenu mnazo nyumbani.

Upande wa ndani wa mshipa una utando wa seli nyembamba. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba asetilikolini, kemikali ya neva, hailegezi aota ya sungura utando huo ukikwanguliwa. Njia hiyo ndiyo iliyofikisha watu kwenye naitriki oksaidi, gesi ambayo utando huo hutoa kulegeza mshipa, na Tuzo ya Nobeli ya 1998. Basi nasi tunakwangua. Aota iliyokwanguliwa bado inalegea kwa eugenoli, maana yake eugenoli inagusa misuli moja kwa moja.

Mishipa midogo ya utumbo inasimulia mengine, na kwangu hapo ndipo penye utamu. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba huko eugenoli inafungua mlango mwingine, TRPV4, ulio kwenye seli za utando wa ndani. Kalsiamu inaingia kwenye seli hizo, nazo zinaiamuru misuli ilegee. Kalsiamu ni ileile, ila imeingia seli nyingine, na matokeo yamegeuka. Na mishipa midogo ndiyo yenye usemi kwenye presha: nusukipenyo kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, damu inayopita kwa msukumo uleule inaongezeka kwa takriban asilimia 46.

Sasa rudi kwa yule mwenye presha. Pete zetu zinahitaji eugenoli ya mikromola 100 hivi, yaani miligramu 16 kwa lita. Nifedipini inafanya kazi hiyo kwa kiwango kilicho chini zaidi ya mara elfu. Tena eugenoli ukiimeza inapita kwenye ini, ambalo huifunga haraka kwa kemikali nyingine na kuipeleka kwenye mkojo, karibu yote ndani ya siku moja. Panya walioshuka presha walidungwa kwenye vena, na mapigo ya moyo nayo yalipungua kupitia vagasi, neva inayopunguza kasi ya moyo, kwa hiyo hata hapo sifa zote si za mshipa.

Ukiongeza dozi unagonga ukuta mwingine. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka kikomo cha miligramu 2.5 za eugenoli kwa kilo ya uzito kwa siku: miligramu 175 kwa mtu wa kilo 70. Mililita moja ya mafuta ya karafuu inaweza kuwa na zaidi ya 800. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliripoti mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10. Alipoteza fahamu na ini likaumia vibaya, ingawa alipona. Karafuu za kwenye pilau na chai hazifiki huko. Kijiko cha mafuta kinafika.