Mastiha ya Chios na vijiji vyake: kazi kubwa ni usafi

Mimi kazi yangu ni gundi na utomvu wa miti, yaani ubani, manemane, gundi ya migunga na jamaa zake wote, na kila nikikaa na wakusanyaji wa kule Singida au nikiongea na wenzangu wanaoshughulika na ubani kaskazini mwa Kenya swali huwa ni lilelile, mbona bei yetu iko chini hivi? Basi leo nataka niwaelezee kisiwa kimoja cha Ugiriki kinaitwa Chios, kwa sababu pale kuna watu wamekaa na utomvu wa aina moja tu, unaitwa mastiha, kwa mamia ya miaka, wakaujengea vijiji, ushirika, mpaka sheria ya nchi, na mimi kadri ninavyozidi kuufuatilia ule utaratibu wao nazidi kuamini kwamba wanachouza wale watu ni usafi, maana mti wenyewe hata wengine wanao.

Chios iko mashariki kabisa ya bahari ya Aegean, jirani na Uturuki, pale mlango wa bahari unapobana ni kama kilomita 7 tu, ng'ambo unaiona kwa macho. Kaskazini ni milima ya mawe. Katikati karibu na mji kuna Kampos, bustani za machungwa na machenza zilizozungushiwa kuta ndefu za mawe mekundu, na yale machenza yana harufu unaisikia ukiwa bado njiani. Kuna fukwe pia, ile ya Mavra Volia ina kokoto nyeusi za volkano, na mwezi wa tatu mashambani yanachipua maua ya tulipu mekundu ya porini, mazuri kweli. Ila mimi stori yangu iko kusini, kwenye vilima vifupi vya udongo wa mawemawe ambako kiangazi kinakauka haswa, na ndo kuna vile vijiji 24 vya mastiha.

Mti wenyewe kitaalamu ni Pistacia lentiscus. Ni wa familia moja na mkorosho na mwembe, na pistachio ni ndugu yake wa karibu zaidi. Porini umejaa Mediterania nzima, Uhispania upo, Morocco upo, Tunisia, Kupro, Uturuki, kote huko ni kichaka tu cha kawaida mbuzi wanapita. Lakini utomvu wa kuvunwa kibiashara unatoka kusini mwa Chios peke yake, na sababu mojawapo ni kwamba wakulima wa pale hawapandi mbegu, wanapanda vipandikizi, wanakata tawi la mti dume unaotoa vizuri wanalichomeka ardhini, na wamefanya hivo vizazi na vizazi, kwahiyo ile miti unayoiona leo ni matokeo ya kuchagua na kuchagua. Mti haukui sana, mita 2 au 3, shina limejikunja, na lazima usubiri miaka 5 au 6 ndo uanze kuuchanja, kukomaa vizuri ni mpaka ufike miaka 12 au 15. Na kwa mwaka mzima mti mmoja unakupa gramu, usitegemee kilo. Kisiwa kizima kinatoa kama tani 150 kwa mwaka.

Hata Christopher Columbus alikuwa anaijua hii mali. Kwenye barua yake ya mwaka 1493 baada ya safari ya kwanza anawaahidi wafalme wa Uhispania mastiha kadri watakavyotaka, na anataja wazi kwamba mpaka wakati huo ilikuwa inapatikana Chios tu, kule Ugiriki. Aliona miti ya Karibi inatoa utomvu akadhani ndo yenyewe, kumbe sio. Miaka zaidi ya 500 imepita na bado inatoka palepale.

Sasa tuje kwenye kazi, na hapa naomba mnisome taratibu.

Mwezi wa sita wanaanza na chini kabla hata hawajaugusa mti. Wanakwangua majani na magugu yote chini ya kila mti, wanafagia, wanasawazisha ardhi na kuishindilia mpaka inakuwa uwanja mgumu wa duara, alafu juu yake wanachekecha udongo mweupe laini, ni chokaa ya asili, yaani kalisi kaboneti, wanausambaza mpaka chini ya mti kote kunakuwa kweupe. Tone likidondoka pale halikutani na mchanga wala jani, na linakauka vizuri. Mti mmoja mmoja, shamba zima, mgongo umeinama, kwenye jua la Juni. Yaani kabla chozi la kwanza, ndo lile tone la utomvu, halijatoka mtu ameshafanya wiki kadhaa za kufagia.

Katikati ya Julai ndo wanachanja. Kifaa ni chuma kidogo chenye ncha, chale ni fupi, sentimita moja na kidogo, inaingia kwenye ganda tu, na wanaanza chini ya shina wanapanda kuelekea matawini. Hawachanji zote siku moja, wanaurudia mti uleule mara moja mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 5 au 6, na mti mdogo unapewa chale chache, mkubwa nyingi, maana ukiuzidishia unauchosha na mwakani hauna kitu. Kazi hiyo inafanyika alfajiri na asubuhi kabla jua halijakolea.

Tone linatoka likiwa angavu kabisa, majimaji, linateremka polepole kwenye ganda, mengine yanabaki yamening'inia na mengine yanaangukia ule weupe wa chini na kutanuka. Ukiligusa wakati huo linakunata vidoleni, harufu yake inakaribiana na msonobari na limao kwa mbali, na ukinawa kwa sabuni halitoki, inabidi ujipake mafuta ya zeituni kwanza ndo uoshe. Baada ya siku 15 au 20 linakuwa limeganda, unaliokota. Mvua ikinyesha katikati ya hapo ni hasara kubwa, udongo unalishika chozi na rangi inaharibika, na ndo maana kile kiangazi kikavu cha kusini kina thamani yake. Yaliyodondoka wanaokota kwanza, yale makubwa kwa mkono, yaliyogandia kwenye shina wanayabandua kwa kichuma kingine, na wanachanja tena raundi ya pili mpaka msimu unaishia kwenye Oktoba.

Ungedhani kazi imeisha, ndo kwanza nusu. Mzigo unaletwa nyumbani na msimu wa baridi wote unahamia ndani. Wanachekecha majani yatoke, wanaosha kwa maji baridi na sabuni ya mafuta ya zeituni, wanasuuza, wanaanika ndani kwenye kivuli, alafu wanawake wanakaa kuzunguka meza, majirani, mama na binti na bibi, kila mmoja na kisu kidogo chenye ncha, anashika punje moja anaikwangua chembe ya udongo iliyobaki, anaiweka upande, anashika nyingine. Punje moja moja, tani na tani. Wakati huohuo wanapanga kwa ukubwa, yale mapana huku, punje kubwa huku, ndogo kule, na hata vumbi na mabaki hayatupwi, yanaenda kukamuliwa mafuta ya kunukia. Mwaka 2014 UNESCO waliuingiza ujuzi huu wa kulima mastiha kwenye orodha ya urithi wa tamaduni usioshikika, na nikiangalia mikono ya wale akina mama nasema ilistahili kabisa.

Sasa linganisha na sisi. Gundi ya migunga inafika kwa mnunuzi ikiwa na maganda, mchanga, iliyonyeshewa imechanganywa na kavu, ya mti huu na ya mti ule zote kwenye kiroba kimoja. Mnunuzi anaangalia, anakata bei, anaenda kusafisha mwenyewe, na ile pesa ya kusafisha anakula yeye. Mimi siwalaumu wakusanyaji, mtu hawezi kukaa wiki nzima anachagua wakati bei ya iliyo safi na chafu ni moja. Lakini hapo ndo pa kuanzia, bei ya madaraja, kabla ya kuzungumzia mashine na viwanda.

Chios waliweza kwa sababu ya ushirika. Chama chao kikuu cha wakulima wa mastiha kilianzishwa kwa sheria mwaka 1938, wakati walanguzi walikuwa wamewabana vibaya. Chini yake kuna vyama vya msingi 20 kwenye vile vijiji 24, hizo ndo AMCOS zao ukipenda, kama vyama vyetu vya wakulima vya vijijini, na mastiha ghafi yote inapita humo, inapimwa, inapangwa daraja, mkulima analipwa kwa daraja. Najua neno ushirika kwa wengi wetu lina makovu, watu wa korosho na pamba wananielewa, na mimi sisemi kila zao lifanyiwe hivo. Ila kwa zao dogo, la eneo moja, ambalo kila kaya inatoa kilo chache, sioni njia nyingine ingeweza kuwapa sauti. Tangu 1997 Ulaya inalilinda jina lenyewe, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuza mastiha ya Chios isiyotoka Chios.

Vijiji navyo vimeumbwa na hii biashara. Waitaliano wa Genoa walikitawala kisiwa kuanzia 1346 mpaka 1566 na mastiha ndo ilikuwa hela yao, kwahiyo walivijenga vijiji vya kusini kama ngome, kuzuia maharamia na pia kuwadhibiti wakulima wenyewe, maana adhabu za kuiba mastiha zilikuwa za kutisha, kukatwa sikio au pua, na ukizidisha kiwango unanyongwa. Mesta bado unaliona hilo. Nyumba za pembeni zimeshikana mgongo kwa mgongo na ile migongo yao ndo ukuta wa kijiji, nje hakukuwa na madirisha, ndani vichochoro vyembamba vimefunikwa na matao ya mawe, na mapaa yako usawa mmoja ili adui akiingia watu wakimbie juu kwa juu mpaka kwenye mnara wa katikati. Mnara wa Mesta haupo tena, pamejengwa kanisa kubwa la Taxiarchis.

Pyrgi ndo kijiji ninachokipenda mimi. Kuta zote za nje zimechorwa pembetatu, miraba, duara na nusu duara, nyeusi na nyeupe, kutoka chini mpaka juu, hata chini ya baraza. Fundi anapiga lipu ya chokaa iliyochanganywa na mchanga wa rangi ya giza, juu yake anapaka chokaa nyeupe, alafu kabla haijakauka anachora mistari na kuikwangua ile nyeupe sehemu sehemu mpaka giza la chini litokee. Ni kukwangua, hakuna rangi iliyopakwa. Na mwisho wa kiangazi wananing'iniza kwenye baraza mikufu ya nyanya ndogo nyekundu kwa ajili ya kutumia baridi ikiingia, hapo ukuta mweusi na mweupe na zile nyanya, acha tu. Karibu na Pyrgi kuna jumba la makumbusho ya mastiha lililofunguliwa 2016, lina miti nje na mitambo ya zamani ndani, nenda.

Matumizi ni mengi. Wagiriki wanatafuna, wanatengeneza pombe yake tamu, mikate ya sikukuu, na ile peremende nzito nyeupe inayokuja kwenye kijiko kilichozamishwa ndani ya glasi ya maji baridi, unalamba kijiko alafu unakunywa maji. Uturuki na nchi za Kiarabu wanaweka kwenye aiskrimu na vitamu vya maziwa, Misri wanatia kwenye mchuzi wa kuku pamoja na iliki. Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua kama dawa ya asili kwa tumbo lenye usumbufu mdogo na kwa majeraha madogo ya ngozi, kwa msingi wa matumizi ya muda mrefu, basi. Wanaokuuzia mtandaoni eti inatibu kila kitu uwaache.

Kinachoniumiza ni moto. Agosti 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mashamba ya kusini, na Juni 2025 kisiwa kiliungua tena vibaya na miti ya mastiha ikiwemo. Mahindi yakiungua unapanda msimu ujao, huu ukiungua unasubiri miaka 5 ndo uchanje chale ya kwanza, na vijana wa vijijini wameshaondoka kwenda Athens, mashamba yaliyoachwa yanaota nyasi, zinakauka, moto unapita humohumo. Ule ufagiaji wa Juni kumbe ulikuwa unazuia moto pia.

Mkiipata, chukua iliyo kwenye pakiti yenye nembo ya chama cha wakulima, punje ziwe angavu na kavu. Ukitafuna mwanzo inapasuka ungaunga na ina uchungu kidogo, usiteme, baada ya muda inajikusanya inakuwa nyeupe na laini. Kwa kupikia usiitwange hivihivi itashika kinu, iweke kwanza friza saa moja alafu itwange na sukari kidogo, au chumvi kama ni ya mchuzi. Na usijaze, lita moja ya maziwa punje 2 au 3 za ukubwa wa dengu zinatosha, ukizidisha yanakuwa machungu.