Kwa nini url inakubalika hapa na kukataliwa pale

Juzi niliongeza hifadhidata ya pili kwenye programu ya Spring Boot, mfumo wa kuundia programu za Java. Ya kwanza ilikuwa ikisomwa vizuri kupitia `spring.datasource.url`, basi nikanakili mistari ile ile, nikabadilisha mwanzo wake kuwa `ripoti.datasource`, kisha nikaunda DataSource yangu (kitu kinachotoa miunganisho ya hifadhidata) kwa DataSourceBuilder. Programu ikagoma: `jdbcUrl is required with driverClassName`. Anwani ilikuwemo kwenye faili, naiona kabisa.

Wengi wetu tunadhani majina kama `url` ni ya JDBC yenyewe, yaani njia ya kawaida ya Java kuzungumza na hifadhidata. Sivyo. Mara nyingi jina kwenye faili la mipangilio ni kivuli cha methodi iliyomo ndani ya klasi fulani. HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho ya Spring Boot tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018, ina `setJdbcUrl` na haina `setUrl`. Ukiandika `spring.datasource.url`, Spring Boot huipokea kwanza katika klasi yake ya DataSourceProperties, halafu huikabidhi Hikari kwa jina inalolijua. Mimi nilimruka mkalimani huyo. Thamani zangu zilikwenda moja kwa moja kwa Hikari, na `url` ilipokosa methodi ya kuipokea ikapitwa kimya kimya.

Unaweza kuandika `jdbc-url` ukamaliza. Mimi napendelea kuunda DataSourceProperties ya hifadhidata ya pili pia, ili faili zima lizungumze lugha moja.

Jina la mtumiaji nalo halijatulia. DriverManager, klasi ya JDBC, hupeleka `user` kwa draiva (programu ndogo inayoiunganisha Java na hifadhidata fulani), na c3p0, mtunza miunganisho mwingine, hutumia `user` vilevile. Hikari na Spring wanataka `username`. Hibernate, maktaba ya kuhifadhi vitu vya Java kwenye hifadhidata, ina `hibernate.connection.username`, ilhali JPA, kiwango ambacho Hibernate hiyo hiyo hukitekeleza, ina `jakarta.persistence.jdbc.user`, kabla ya JPA 3.0 ilianza na `javax`. Hata herufi kubwa zina maneno yake: kwa kanuni za JavaBeans, ambazo huamua jina linalotokana na methodi, `setUrl` huzaa `url`, lakini `setURL` huzaa `URL`, kwa kuwa herufi mbili za mwanzo zikiwa kubwa jina huachwa lilivyo.

Hayo yote angalau hukuangusha mapema. Ninayoyaogopa ni majina yanayofanana huku maana zikitofautiana. Chukua `connectTimeout` kwenye anwani ya draiva. Kwa MySQL huhesabiwa kwa milisekunde. Kwa PostgreSQL, kwa sekunde. Ukihama kutoka MySQL ukabeba `connectTimeout=5000`, sekunde tano zako zimegeuka saa moja na dakika 23. Hakuna onyo, na majaribio yote yatapita, maana seva ya majaribio hujibu papo hapo. Utaligundua siku mtandao utakapokatika. `socketTimeout` ina tofauti hiyo hiyo. Kisha Hikari ina `connectionTimeout`, ya milisekunde, ambayo haina maana ile ile: ni muda ambao programu yako itasubiri kupewa muunganisho, na usipoigusa ni 30000.

Kwa hiyo nikikuta jina la mpangilio nisilolifahamu, sianzi kwa kutafuta mfano wa kunakili. Nafungua klasi inayopokea thamani hiyo na kusoma methodi zake zinazoanza na `set`. Mstari wa muda nauwekea maelezo mafupi pembeni, "sekunde" au "milisekunde". Na programu ikishawaka, nachukua muunganisho mmoja na kuiomba `getMetaData()` ichapishe `getURL()` na `getUserName()`, niione hifadhidata iliyofunguliwa kweli.